Kampuni Iliyokuwa Baba na Mama

Neno posho kila askari wa Uganda hulijua kabla hajajua kushika bunduki. Kwa raia wa Kampala posho ni chakula chenyewe, unga wa mahindi uliosongwa na kuepuliwa motoni. Kwa askari wa zamani ni haki ya chakula anayopimiwa na mkubwa wake kwa siku au kwa juma. Maana hiyo ya pili ndiyo iliyo ya kale. Wapagazi wa misafara iliyotoka pwani kwenda bara walipimiwa posho na mwenye msafara, na neno hilo likasafiri pamoja na mizigo hadi likavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Katanga. Huko, katika migodi ya shaba, posho ilipata kuwa chombo cha utawala kuliko mahali pengine popote tupajuapo katika pande hizi za Afrika.

Makala hii yahusu Katanga, lililokuwa jimbo la kusini-mashariki mwa Kongo hadi mwaka 2015, na kampuni moja ambayo kwa muda wa miaka sitini na ziada iliwapa wafanyakazi wake karibu kila kitu anachokihitaji mwanadamu tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Twaieleza kwa askari na polisi kwa sababu iliyo wazi. Wao ni miongoni mwa wafanyakazi wachache waliosalia ambao mwajiri wao huwapa nyumba, mavazi, matibabu na wakati mwingine chakula, mbali na mshahara. Mchimba shaba wa Katanga aliishi maisha ya namna hiyo hiyo, na ilipofika siku ya mwajiri wake kuanguka, ndipo alipotambua ni kipi kilichokuwa chake na ni kipi alichoazimwa.

Kampuni hiyo, Union Minière du Haut-Katanga, iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikatiririka kutoka katika tanuru. Madini yalikuwapo tele; waliokosekana ni watu wa kuyachimba. Mwaka ule ule wa 1910 ilianzishwa ofisi maalumu ya kutafuta wafanyakazi, nayo ikapeleka mawakala wake vijijini, katika Kongo yenyewe na hata katika nchi za jirani. Waliopatikana walifungwa kwa mikataba mifupi ya miezi michache, wakalazwa katika vibanda vilivyosongamana, wakalishwa vibaya, na wengi mno wakafa kwa kichomi, kuhara damu na homa ya matumbo. Mafua makubwa ya mwaka 1918 yalipopita, vijiji vingi vilikwisha kuliogopa jina la Katanga.

Hapo ndipo wakubwa wa kampuni walipokaa chini na kupiga hesabu. Kumtafuta mtu mbali, kumsafirisha, kumfundisha kazi, kisha kumpoteza kwa maradhi au kumrudisha kwao baada ya miezi sita, ilikuwa gharama kubwa kuliko kumtunza. Zaidi ya hayo, migodi mipya ilikuwa ikifunguliwa upande wa pili wa mpaka, katika nchi iitwayo leo Zambia, na watu wa huko waliokuwa wakija Katanga wangebaki kwao. Serikali ya Wabelgiji nayo ilikuwa imeanza kuweka mipaka juu ya idadi ya wanaume wanaoweza kuondolewa katika vijiji. Kwa hiyo, tangu mwaka 1928 au karibu na hapo, kampuni ilibadili mwendo: mkataba ukawa wa miaka mitatu, na mfanyakazi akahimizwa kuja na mkewe na watoto wake.

Tulikumbuke jambo hilo, maana ndilo shina la habari yote. Marupurupu ya Katanga hayakuzaliwa na huruma. Yalizaliwa na daftari la hesabu.

YALIYOTOLEWA

Kwa haki lazima isemwe kwamba yaliyotolewa yalikuwa mengi na ya manufaa. Zilijengwa nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari, mfano wa kambi ya jeshi. Kila familia ilipimiwa unga, maharagwe, nyama au samaki, karanga, mafuta ya mawese na chumvi, na kipimo kilizingatia mke na kila mtoto. Zahanati na hospitali ziliwekwa, na wajawazito wakafuatwa tangu mimba ikiwa changa. Watoto wachanga walipimwa uzito kila mara, nao waliokwisha kuacha ziwa wakapewa uji na mlo mwingine mbele ya macho ya wauguzi, ili ihakikishwe kwamba chakula kimeingia tumboni mwa mtoto na hakikuuzwa sokoni. Wamisionari walikabidhiwa shule. Wavulana walifundishwa useremala na ufundi wa vyuma, wasichana ushonaji na kazi za nyumbani.

Msimamizi mkuu wa mpango huo alikuwa daktari wa Kibelgiji, Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alichapisha kitabu cha kueleza siasa ya kampuni kuhusu wafanyakazi Waafrika. Machoni pake mfanyakazi alikuwa kama mtoto anayehitaji mlezi mwenye haki lakini mkali. Fikira hiyo inatuudhi leo, na ni halali ituudhi. Hata hivyo vifo vilipungua sana, familia zikaota mizizi, na kizazi cha pili kikazaliwa kambini, kizazi ambacho lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiswahili cha Katanga na ambacho kijiji cha babu kilikuwa kwake jambo la kusimuliwa tu.

Lakini kila kilichotolewa kilikuwa na kamba. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na aliyefukuzwa kazi aliihama. Mke hakupata posho mpaka awe ameandikwa katika daftari la kambi. Mkuu wa kambi alijua nani amelala wapi, nani amepokea mgeni, na mtoto wa nani hakuonekana shuleni. Fedha taslimu, ambayo mtu angeweza kuiweka, kuituma kwao au kuifanyia biashara, kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ndogo ya malipo. Mwajiri alikuwa ameamua kwa niaba ya mfanyakazi ale nini, alale wapi na mwanawe asome nini. Hiyo ndiyo hasara ya marupurupu yanayotolewa kwa vitu badala ya fedha: hayapotei kwa ulevi wala kwa anasa, lakini pia hayajengi mali ya mtu.

Desemba 1941, vita kuu vikiwa vimepandisha bei za bidhaa, wachimbaji waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Hawakudai unga zaidi, walidai fedha. Tarehe 9 ya mwezi huo walikusanyika katika uwanja wa mpira huko Lubumbashi, na askari wakaamriwa kufyatua risasi. Makumi ya watu waliuawa, na wako wanaosema kwamba waliokufa walizidi mia moja. Baada ya vita sehemu ya fedha katika malipo iliongezwa hatua kwa hatua. Mwaka 1956 sheria ya kikoloni iliweka pensheni kwa wafanyakazi wa Kongo, na mwaka 1961, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru, ikaundwa taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii iliyoitwa INSS.

Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu iliitaifisha mali ya Union Minière, na kampuni mpya ya serikali, iliyokuja kuitwa Gécamines, ikarithi migodi, nyumba, hospitali, shule na desturi ile ile ya posho. Kwa mfanyakazi wa kawaida bendera ilibadilika, lakini mfuko wa unga wa kila mwezi haukubadilika. Katika miaka ya neema Gécamines iliajiri watu zaidi ya 30,000, na nyuma ya kila mmoja walikuwapo mke, watoto na jamaa waliokuja mjini kutafuta elimu. Mwaka 1986 ilitoa shaba zaidi ya tani 450,000. Kijana aliyepata kazi huko alihesabiwa kuwa amekwisha kuvuka mto, na wazee wa kike walioza binti zao kwa furaha. Ilikuwa desturi kusema kwamba kampuni ndiyo baba na ndiyo mama.

KUANGUKA

Mambo yaliharibika kwa kasi ambayo hata walioyaona huona taabu kuyasadiki. Kwa miaka mingi serikali ilikuwa ikichota fedha za kampuni bila kurudisha za kutengeneza mitambo. Septemba 1990 mgodi mkubwa wa chini ya ardhi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Septemba 1991 wanajeshi huko Kinshasa, ambao mishahara yao ilikuwa imekuwa kama karatasi tupu, walitoka kambini wakapora mji, na uporaji huo ukaenea hadi miji ya Katanga. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kutoka Likasi na Kolwezi, na wengi wao walikuwa makarani na mafundi ambao kampuni haikuwa na badala yao. Ilipofika mwaka 1994 shaba iliyotolewa haikufika tani 50,000.

Katika hayo yote, kisa cha wanajeshi wa Kinshasa kinastahili kutazamwa na kila mwenye sare. Mwanajeshi yule wa Zaire naye alikuwa na marupurupu katika maandishi: nyumba, matibabu, chakula. Katika hali halisi nyumba ilikuwa imebomoka, hospitali haikuwa na dawa, na mshahara ulipofika, kama ulifika, haukununua unga wa juma moja. Mwajiri alikuwa ameahidi mengi bila kutenga fungu la kuyatimiza. Waliolipia deni hilo ni wenye maduka na raia walioporwa, na baada yao wanajeshi wenyewe, maana miji iliyoporwa haikuwa na chakula cha kumuuzia mtu yeyote.

Tuwarudie wachimbaji. Mshahara ulichelewa mwezi, kisha miezi, kisha miaka. Posho ilipunguzwa, ikacheleweshwa, ikakoma. Hospitali zilibaki majengo. Walimu wa shule za kampuni walianza kulipwa na wazazi. Wanawake, ambao mpango wa Daktari Mottoulle ulikuwa umewafundisha kushona vitambaa na kumngoja mume, walishika majembe wakaenda kulima mahindi kandokando ya mji, wakauza mkaa, samaki wakavu na maandazi, na kwa muda mrefu wao ndio waliozilisha nyumba. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, mwaka 2001 alitoa kitabu juu ya maisha ya familia hizo, na katika jina la kitabu hicho akawaita Bana Shaba, yaani watoto wa Shaba, walioachwa na baba yao.

Msomaji atauliza: je, pensheni? Michango haikuwa imekatwa? Ilikuwa imekatwa. Lakini fedha ya nchi yenyewe ilikuwa imeoza. Oktoba 1993 serikali ilitoa fedha mpya, na zaire moja mpya ikabadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Na hata hiyo mpya haikudumu. Mtu aliyechangia miaka ishirini na mitano aliweza kupata haki yake yote kwa mujibu wa kanuni na asiweze kununulia mkate. Kwa hiyo hata akiba iliyoandikwa kwa jina la mtu si ngome kamili, ikiwa wanaoitunza wameiacha imelala katika fedha inayoyeyuka.

Mwaka 2003, kwa fedha zilizotolewa na Benki ya Dunia, Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wengi wao walikuwa na utumishi wa miaka ishirini na mitano na zaidi, na walikuwa wakidai mishahara ya miezi mingi. Walipewa malipo ya mara moja. Aliyekuwa akidai muda mrefu na ana watoto shuleni hawezi kuitwa mwenye hiari mbele ya meza yenye noti. Wengi walipokea, wakalipa madeni, wakanunua baiskeli, jokofu la biashara au shamba dogo; kisha wakaunda umoja wa kudai kwamba walicholipwa kilikuwa pungufu ya kile ambacho sheria ya kazi ya Kongo iliwapa.

Huko ng'ambo ya mpaka, Zambia, mambo yalikwenda njia nyingine kidogo. Shirika la migodi la ZCCM lilipokuwa likijiandaa kuuzwa katika miaka ya 1990, nyumba za kampuni ziliuzwa kwa wafanyakazi waliokuwa wakiishi ndani yake, na bei ikakatwa katika mafao yao. Wako waliolalamika kwamba walipewa kuta badala ya fedha. Kisha mgodi wa Luanshya ukafilisika mwaka 2000, na wachimbaji wake wakangoja mafao kwa miaka mingi. Wengi wao waliokuwa na hati ya nyumba walingojea ndani ya nyumba zao wenyewe. Walikodisha chumba, walilima bustani uani, na hakuna aliyewatoa.

KWETU UGANDA

Nchini Uganda mfanyakazi wa kampuni huwekewa akiba katika NSSF chini ya sheria ya mwaka 1985. Yeye hukatwa asilimia 5 ya mshahara, mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, na jumla huandikwa kwa jina la mfanyakazi. Mwajiri akifilisika leo jioni, fedha zilizokwisha kupelekwa haziguswi na wadai wake. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa: waajiri wote, hata mwenye mfanyakazi mmoja, wakawekwa chini ya wajibu wa kuchangia, na mwanachama mwenye miaka 45 aliyechangia kwa miaka 10 akaruhusiwa kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya uzee. Ubaya wa mfuko wa namna hii ni kwamba mstaafu hupewa fedha zake zote kwa mara moja, na wengi wetu tumeshuhudia jinsi fedha za mara moja zinavyoita shemeji, mabasi mabovu na nyumba zisizofika kwenye linta.

Askari na polisi hawamo katika mfuko huo. Kwa miaka mingi malipo yao ya uzeeni yametoka katika hazina ya serikali, kwa kipimo cha muda wa utumishi na mshahara, nayo huwa ya namna mbili: kiinua mgongo wakati wa kuondoka, na pensheni ya kila mwezi. Kwa hilo la kila mwezi askari ana bahati kuliko karani wa kampuni, maana pensheni hailiwi kwa mwaka mmoja. Lakini hakuna mfuko wenye jina lake. Kuna ahadi ya serikali na kuna faili lake. Ahadi ni ya wakubwa kuilinda. Faili ni la askari mwenyewe kulilinda, na hapo ndipo mambo mengi huharibika. Tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwa kukisia siku ya kuandikishwa, jina la baba lililoandikwa kwa namna mbili, barua ya kupandishwa cheo iliyobaki katika kikosi cha zamani: kila moja ya hizo yatosha kumrudisha mzee kutoka Arua au Kitgum hadi Kampala mara tatu, kwa nauli ya kukopa.

Liko jambo la nyumba. Katika kambi za polisi bado watu huvikumbuka vibanda vya mviringo vya bati vilivyopewa jina la mama ingia pole, kwa kuwa mlango ulimlazimu mama kuinama. Vilichekwa sana, lakini vilikuwa na faida moja: hakuna aliyedanganyika kuviita kwake. Nyumba nzuri ya serikali ndiyo ihitajiyo tahadhari. Afande aliyeishi ndani yake miaka ishirini na minane, akapanda mwembe mlangoni na kuwaoza binti zake hapo, husahau kwamba barua ya kustaafu ni barua ya kuhama pia. Watoto wake humwuliza kijiji chetu ni kipi, kama walivyouliza watoto wa kambi za Katanga.

Kwa sababu hiyo vyama vya kuweka na kukopa, Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, vina uzito kuliko vinavyoonekana katika karatasi ya mshahara. Fedha inayokatwa kila mwezi ni ndogo, na mikopo ina riba. Asiyejizuia huweza kukopa harusi na akastaafu na deni. Lakini aliyeikopea kiwanja, kisha mabati, kisha saruji, kwa miaka kumi au kumi na mitano, hupokea barua ya kustaafu akiwa na mahali pa kupeleka godoro lake.

Na mjane? Wakati wa Union Minière mume alipokufa, nyumba na posho vilikoma pamoja naye, kwa kuwa vilifungamana na kazi yake. Sheria za leo zinamtambua mjane na yatima, lakini karani huanza na jina lililoandikwa katika fomu ya jamaa wa karibu. Askari wengi waliijaza fomu hiyo siku ya kwanza chuoni, wakiwa na umri wa miaka kumi na tisa, wakaandika jina la mama. Mama amekwisha kufariki. Mke na watoto wanne hawamo. Ofisi ya kumbukumbu ya kikosi hufunguliwa saa mbili asubuhi, na kubadili jina hilo huhitaji kitambulisho, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.